Ekzosi niliyoichagua pikipiki ikiwa imesimama

Tulikuwa tunapanda mlima mrefu, saa kama sita hivi tangu tuondoke, gia ya tano, injini kwenye mizunguko 3500 kwa dakika au zaidi kidogo, mabegi mawili pembeni na moja nyuma. Mwenzangu yuko mbele yangu hatua chache. Pikipiki zetu ni ndugu kabisa, aina moja, mwaka mmoja, silinda moja, cc 400, kabureta, hata matairi tulibadilisha siku moja. Tofauti ni moja tu, yeye ana ekzosi iliyotoka nayo kiwandani na mi nina ile niliyoihangaikia miezi, bomba nene, sailensa fupi, bafo (kile kizuizi cha kelele ndani ya sailensa) nimeitoa. Nikavuta moto wote. Yangu ikanguruma mpaka mlima ukaitika, na yeye bila kushusha gia, bila hata kuinama, akaanza kuniacha.

Taratibu tu. Kama mtu anayeondoka bila kugombana na wewe.

Nilishusha gia moja, afu ya pili, injini ikaamka nikamfikia, tukafika juu, tukapumzika, tukaendelea na safari. Yeye wala hakulisema. Lakini mi lilinikaa, wiki karibu tano sasa, kila nikiwasha pikipiki asubuhi nalikumbuka, na ndo maana naandika.

## Nilitafuta pa kusingizia

Niliporudi sikutaka iwe ekzosi, nitasema wazi. Nikaanza na mnyororo, nikausafisha nikautia mafuta, nikapima upepo wa matairi, nikainua gurudumu la nyuma nikalizungusha kwa mkono kuona kama breki inashika, nikajaribu klachi kama inateleza. Kila kitu kizima. Basi nikasema ni mzigo, mi nilibeba zaidi. Afu nikakumbuka hema letu wote wawili lilikuwa kwake, na majiko pia.

Kilichoniuma sio kuachwa, watu wanaachwa kila siku. Kilichoniuma ni kwamba masikio yangu yaliniambia kitu kingine. Kila nikipiga resi pale nje, mara mbili tatu, nilikuwa naisikia nguvu kabisa, kifuani naisikia. Sasa kama nguvu ipo kwenye sauti na mlimani haipo, ile sauti ilikuwa inaniambia nini siku zote hizo?

Tukabadilishana pikipiki. Akaenda na yangu kama nusu saa hivi, akarudi, akavua helmeti, akakaa kimya kidogo akitafuta namna ya kusema.

"Kaka, hii yako inaamkia juu. Chini haina kitu."

Maneno machache tu, na nilijua ni kweli kabla hajamaliza, kwa sababu na mi nilikuwa nimetoka kuendesha ya kwake na nilikuwa nimesahau kabisa kwamba pikipiki hii inaweza kuvuta kutoka mizunguko 2500 bila kutetemeka.

## Kupima badala ya kusikiliza

Nikaamua kuyaweka masikio pembeni. Kipande cha barabara tambarare, tupu, gia ya nne, naingia kwa kilomita 50 kwa saa, nafungua moto wote, nahesabu muda mpaka 80. Mara tano kwenda, mara tano kurudi, ili upepo usinidanganye. Siku iliyofuata nikafunga ekzosi ya kiwandani nikarudia vile vile, mafuta kiasi kile kile, nguo zile zile.

Ya kiwandani ilishinda kwa zaidi ya sekunde moja.

Sekunde moja ukiisoma hapa inaonekana sio kitu, lakini iweke pale unapolipita lori huku gari lingine linakuja mbele yako, utajua uzito wake.

Na haki yake niiseme, juu ya mizunguko 6500 ekzosi mpya ilikuwa bora, inapumua, inakimbia, raha tupu. Shida ni kwamba nilipojiuliza kwa ukweli ni lini mara ya mwisho nilikaa juu ya 6500 kwa zaidi ya dakika moja, nikakosa jibu. Mjini hapana. Safarini nakaa 4500 saa nzima nzima. Nilikuwa nimenunua nguvu ya mahali ambapo siishi.

## Moshi una saa yake

Mafundi wengi wanasema injini "inahitaji kubanwa kidogo" ndo ivute vizuri chini, na mi niliamini hivyo miaka. Kadiri nilivyosoma na kujaribu nimeachana na hiyo lugha, maana inakupeleka kubaya, unaanza kuziba ekzosi ukidhani unatafuta nguvu. Kubanwa kwenyewe hakuna faida yoyote. Injini inachohitaji ni moshi utoke kwa kasi, na mshindo urudi kwa wakati.

Valvu ya kutolea moshi inafunguka kabla pistoni haijafika chini kabisa, presha bado ni kubwa, kwa hiyo moshi unatoka na mshindo. Mshindo ule unakimbia ndani ya bomba kwa kasi ya sauti, na kwa kuwa moshi ni wa moto sana kasi yenyewe inapita mita 500 kwa sekunde, wakati kwenye hewa ya kawaida sauti inakwenda kama mita 343. Ukifika pale bomba linapofunguka au kupanuka ghafla, sehemu yake inageuka na kurudi kuelekea injini, ila sasa hausukumi tena, unanyonya. Ukirudi wakati valvu zote mbili, ya kuingizia hewa na ya kutolea moshi, ziko wazi kidogo, unamalizia kunyonya moshi uliobaki kwenye silinda na unasaidia kuvuta hewa mpya iingie. Ni msaada wa bure kabisa.

Lakini ni wa saa maalum. Kwenye mizunguko 7000 injini ya mipigo minne inamaliza mzunguko wake wote wa kazi kwa kama milisekunde 17, kwenye 3500 inachukua 34. Bomba halijui hilo, urefu wake ni ule ule, mshindo unachukua muda karibu ule ule kwenda na kurudi. Kwa hiyo bomba fupi linaleta msaada kwa wakati kule juu, na kule chini mshindo unafika mapema, unagonga, unarudi tena, na mara nyingine kinachokutana na valvu wazi ni msukumo badala ya mnyonyo, moshi unarudishwa ndani. Pale ndo panapotokea lile shimo, unafungua moto na pikipiki inawaza kwanza.

Na unene nao. Bomba la kiwandani kwa ndani lilikuwa milimita 35, nililofunga lilikuwa 42. Kwa macho ni tofauti ndogo, unaweza hata usiione. Ila eneo la tundu linakwenda kwa mraba, kwa hiyo nilikuwa nimeongeza nafasi kwa asilimia 44, moshi ule ule kwenye nafasi kubwa hivyo unapoteza karibu theluthi ya kasi yake. Ule uzito wa moshi unaokimbia, ambao nao unavuta kile kinachoufuata nyuma, nilikuwa nimeuua mwenyewe kwa spana yangu.

Hata viwanda hili liliwasumbua. Yamaha mwaka 1987 walileta EXUP, valvu ndani ya ekzosi inayozungushwa na mota ndogo, inajifunga kiasi injini ikiwa chini na kufunguka ikipanda, ili bomba moja liweze kuishi kwenye mizunguko tofauti. Nilipoisoma hiyo nilipumua kidogo. Kumbe swali langu lilikuwa swali la maana.

## Utepe mweupe

Sasa kuna hili la kabureta, na hapa ndo nilipogeuka kweli.

Kila mtu unayemuuliza ukishafunga ekzosi iliyo wazi anakuambia ongeza jeti kubwa, yaani weka yenye tundu pana zaidi la kupitishia petroli kwenye kabureta. Nikaongeza. Namba moja, namba mbili, plagi bado inatoka nyeupe, dalili ya petroli kidogo, mjini pikipiki inakohoa, nikiachia moto kwenye mteremko inapiga milipuko nyuma kama fataki. Nikaongeza ya tatu. Hakuna kilichobadilika mjini, na kule juu kabisa ikaanza kuwa nzito.

Siku moja nikabandika utepe mweupe kwenye mshiko wa moto na alama ya kalamu kwenye nyumba yake, nikagawa robo, nusu, robo tatu, nikaendesha siku nzima nikitupia jicho kila nikipata nafasi salama.

Mjini, kwenye foleni, kwenye taa, kwenye kona, sikuvuka robo. Siku nzima. Nilivuka mara mbili tu, labda tatu.

Safari iliyofuata nikaangalia tena, na barabara kuu tambarare nilikuwa kati ya robo na nusu, napita kidogo tu nikimpita mtu.

Jeti kubwa kazi yake inaanza kuonekana kuanzia kama robo tatu kwenda juu. Robo ya kwanza ni ya jeti ndogo na skurubu yake ya mchanganyiko, katikati yote hapo ni sindano, ile inayopanda na kushuka ndani ya kabureta ukivuta moto. Yaani nilikuwa nimekaa wiki nzima narekebisha chumba nisichoingia! Nikarudisha jeti kubwa namba moja juu ya ile ya kiwandani basi, nikaongeza jeti ndogo hatua moja, nikainua sindano pengo moja, nikacheza na skurubu injini ikiwa imepata moto vizuri mpaka sailensa (ile inayozunguka bila kuvuta, namaanisha) ikatulia na ikawa inashuka haraka ukiachia. Ile kukohoa mjini ikaisha siku ile ile.

Milipuko haikuisha.

## Masizi kidogo tu

Hii naipitia haraka maana kila fundi anaijua, na bado mi ilinipita. Gasketi ya pale bomba linapoingia kwenye kichwa cha injini ni ya kupondeka, inajibana mara moja ikajaza nafasi, ukiifungua na kuirudisha haina tena cha kupondeka. Nilikuwa nimefungua na kufunga ekzosi mara tano kwa majaribio yangu na gasketi ni ile ile. Injini ya baridi, ukiwasha na ukazuia mdomo wa sailensa kidogo kwa tambara nene lililolowa, unasikia tsi tsi tsi pale mbele. Na masizi yalikuwepo, mstari mweusi mwembamba, nilikuwa nauona nikidhani ni uchafu.

Tobo la pale sio kwamba linatoa moshi tu. Ule mnyonyo nilioueleza unavuta hewa ya nje kuingia ndani, ukiachia moto kuna mafuta ambayo hayajaungua, yanakutana na hewa hiyo kwenye bomba la moto na kulipuka. Ndo ile fataki. Wenye injini zisizo na kabureta, zinazopuliziwa petroli na kompyuta, waangalie zaidi, kwa sababu tobo likiwa kabla ya sensa ya oksijeni, sensa inaona oksijeni ya nje inaamini petroli ni kidogo kwenye mchanganyiko, kompyuta inaongeza mafuta, unaanza kunywa petroli bila sababu na hakuna anayejua kwa nini.

Gasketi mpya, nati mbili nikakaza kidogo kidogo kwa zamu, nikapasha injini, nikaacha ipoe kabisa, nikakaza tena. Kimya.

## Mvumo

Nimelichelewesha hili kwa sababu ni gumu kulisema, mi sauti ya pikipiki naipenda. Naipenda kweli, ndo iliyonivuta kwenye pikipiki nikiwa mdogo.

Lakini silinda moja kwenye mizunguko 4500 inawaka mara 2250 kwa dakika, ni kama mara 37 na nusu kwa sekunde, na hiyo ni sauti nzito sana, unaihisi kuliko unavyoisikia. Sailensa fupi tupu haiwezi kuimeza. Dakika kumi ni tamu. Saa ya nne inaanza kukaa nyuma ya macho, unashuka kwenye pikipiki mtu anakuongelesha unaona mdomo unacheza, unasema "eeh?" mara tatu, usiku umelala bado inavuma.

Siku ile ya mlima, tulipopumzika pale juu, mwenzangu alikuwa anaongea na mi nilikuwa naitikia tu. Mpaka leo sijui alikuwa ananiambia nini.

Upepo peke yake ndani ya helmeti ukiwa kilomita 100 kwa saa unapita desibeli 85, na NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inashauri 85 isizidi saa nane, na kila ukiongeza desibeli 3 muda unakatwa nusu, 88 saa nne, 91 saa mbili, mpaka 100 ambapo unabakiwa na dakika 15. Kwa hiyo vizibo vya masikio ni lazima hata ukiwa na ekzosi ya kiwandani, mi sasa sitoki bila hivyo. Ila vizibo vinakata sauti za juu vizuri kuliko mvumo mzito. Ukishavaa, upepo unapungua na mvumo unabaki peke yake chumbani na wewe. Hilo sikulitegemea kabisa.

Na wapo wanaosema kelele inakuokoa mjini, madereva wanakusikia. Niliishika hiyo hoja muda mrefu kwa sababu ilinifaa. Lakini mdomo wa ekzosi unaangalia nyuma, na anayekukata njia mara nyingi yuko mbele, vioo amepandisha, redio imewashwa. Aliyekuwa ananisikia vizuri ni yule niliyempita tayari, na watu waliolala.

## Niliyofunga mwishowe

Bomba la mbele la kiwandani, lile lile la milimita 35. Lilikuwa limekaa pembeni na vumbi na mi naliona kama chuma chakavu. Sailensa nimeweka nyingine, nyepesi kuliko ya kiwandani lakini ndefu kuliko ile fupi, yenye pamba ya kioo ndani, na bafo iko ndani imefungwa. Pamba hiyo inaungua na kupukutika kadiri siku zinavyokwenda, sailensa inaanza kupaza sauti polepole huku sikio linaizoea, kwa hiyo nimejiandikia nitaifungua na kuangalia kabla ya kila safari ndefu.

Mkanda wa kuifunga nimeupa mpira na pale sailensa inapoungana kuna springi badala ya bolti kavu. Chuma cha pua kikipanda nyuzi 400, bomba la mita moja linarefuka karibu milimita 7, ukilibana pande zote mbili litatafuta pa kupasukia, na litapata, kwa kawaida kwenye ulehemu na kwa kawaida mbali na nyumbani. Begi la upande ule nimelisogeza nje nikaweka bamba la kukinga joto.

Nilianza nikidhani nahitaji mipangilio miwili, mmoja wa mjini na mmoja wa safari, nikawa naumiza kichwa nitabadilishaje. Nilivyozidi kupima nikaona mji na safari hazigombani sana. Mjini nataka itoke kwenye taa bila kupiga kelele na isikohoe kwenye foleni, safarini nataka ipande na mzigo bila kushusha gia na isinichoshe. Zote zinaomba moto mdogo, mizunguko ya chini na ya kati, utulivu. Kitu pekee kilichokuwa kinataka bomba nene na mdomo wazi ni zile resi mbili tatu pikipiki ikiwa imesimama, hakuna mzigo, hakuna mlima, hakuna gia.

Na hapo ndo nilipokuwa nimefanyia uchaguzi wangu wote.

Kitu kimoja bado kinanisumbua. Kwenye 4800 hivi kuna kamvumo kamebaki, sio kakali, naweza kukakwepa kwa kwenda polepole kidogo au haraka kidogo, lakini kapo. Nahisi ni urefu wa sailensa unaitikiana na ile sauti. Nitajaribu bafo yenye tundu tofauti nione.

## Washa tusikie

Juzi jamaa mmoja aliyeijua pikipiki yangu enzi za kelele kanikuta naifunika. Akaizunguka, akainama, akagusa sailensa mpya kwa kidole.

"Umebadilisha? Washa tusikie."

Nikawasha. Ikatulia pale, tu tu tu tu, ya kawaida tu. Akasubiri nipige resi, sikupiga. Nikaona uso wake unashuka.

Nikampa helmeti ya pili. Nikamwambia panda, twende mpaka kule mlimani.